Nyekundu ya Mama Tshibola

Soko la Manika Jumamosi halina adabu: mtu anakukanyaga, kisha anakuomba umpishe. Tshimanga alikuwa amekuja kutafuta msasa, maana kazi yake ni kupaka magari rangi, na suruali yake ilikuwa na madoa ya bluu hadi magotini. Akasimama ghafla. Kwenye meza ya wauza unga na sukari, dada mmoja wa blauzi nyeupe na kitenge cha kijani alikuwa ameinua juani kichupa cha rangi ya keki, akikilinganisha na kipande cha kitambaa.

"Ile haitafika," Tshimanga akasema. "Utie na manjano kidogo, njo itakuwa sawa na ile kitambaa ya liputa."

Dada akamtazama kuanzia viatu.

"Tata, weye unapikaka gato?"

"Apana. Mi napakaka motokari rangi."

"Basi rudia kwa motokari zako. Hii bantu banakulaka!"

Alisema hivyo, lakini akanunua na kichupa cha manjano. Tshimanga aliona, akacheka, akampa namba yake ya simu ili amjulishe kama ushauri wake umefaa. Jioni simu ikalia.

"Tata wa motokari? Ni Jocelyne wa soko. Rangi ilifika."

"Nilikuambia! Sasa utanilipa nini?"

"Utakuya kulamba kijiko."

Alikwenda kulamba kijiko, akarudi kesho yake, na tangu hapo hakuna aliyemwona tena kwenye mpira Jumapili. Huko Kolwezi harusi haina maana kama keki haifanani na kitenge cha familia, kwa hiyo mlangoni kwa Jocelyne vitambaa havikuisha. Tshimanga alipenda kumtazama akichovya kijiti kwenye rangi, akigusa krimu nyeupe, akikoroga polepole huku amekunja midomo. Alimwita chérie wa sukari. Yeye alimwita peintre, yaani mpaka rangi, hata alipomkasirikia. Walipendana, tuseme wazi.

Mwiba ulikuwa mmoja, nao ni mama yake Tshimanga. Mama Tshibola, mjane, kiongozi wa akina mama wa parokia, alikuwa hajakubali kumpokea binti huyo nyumbani. "Mwanamuke wa kuchezeaka sukari atakukulisha nini?" alikuwa akiuliza. Lakini alipokaribia kutimiza miaka sitini, alilegea kidogo. Akataka keki nyekundu kama kitenge cha kikundi chake. "Anitengenezee yeye," akasema. "Ikiwa muzuri, atakaa na sisi ku meza." Kwa lugha ya nyumba ile, ndoa nzima ilikuwa imewekwa juu ya keki hiyo.

Mchana wa kuamkia sherehe, Jocelyne alichanganya krimu yake, akaifunika, akakimbilia mazoezi ya kwaya.

"Peintre, ulinde jiko. Umeme ikikatika, unipigie. Usiguse kitu!"

Tshimanga alikaa kwa utulivu, kisha akafunua kuchungulia. Ile haikuwa nyekundu! Ilikuwa waridi, kama ufizi wa mtoto mchanga. Kumbe hakujua kwamba nyekundu ndani ya krimu hukolea yenyewe ikilala, na kwamba Jocelyne huiacha hafifu makusudi. Kwenye gereji rangi ikipungua unaongeza, basi. Akilini akamwona mama yake akikunja pua, akamwona mpenzi wake akifukuzwa, akamimina kichupa chote kilichobaki. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikuwepo wa kumwambia? Akafunika, akajiona mkombozi.

Asubuhi Jocelyne alishtuka.

"Imekolea sana. Nilitia mukono nzito?"

Tshimanga akakohoa tu. Sukari nyingine haikuwepo, na kengele ya misa ilikuwa inalia. Jocelyne alipamba keki bila kuonja, maana alikuwa amefunga kwa ajili ya komunyo.

Baada ya misa, ua wa Mama Tshibola ulijaa akina mama wenye blauzi nyeupe na vitenge vyekundu. Jocelyne alipiga magoti, kama desturi, akamlisha mwenye sherehe kipande cha kwanza. Mama Tshibola akatafuna. Uso wake ukakunjamana kwa uchungu wa rangi, na alipofungua kinywa kusema, meno yote yalikuwa mekundu. Wageni nao walikuwa wameshaanza kula vipande vyao. Midomo, vidole, blauzi za misa, hakuna kilichosalimika.

"Binti, ulitia nini mu gato yangu?"

Jocelyne alionja kwa ncha ya kidole. Kisha akamtazama Tshimanga, kwa muda. Tshimanga akatazama viatu vyake.

"Ni mukono yangu, mama," Jocelyne akasema. "Unisamehe."

Akachukua mkoba wake na kutoka. Nje walisikia taxi-moto, pikipiki ya abiria, ikiondoka.

"Sasa nimemujua," Mama Tshibola akasema. "Hapa asirudie."

Tshimanga alipiga simu hadi betri ikaisha. Aliyempigia kesho yake alikuwa Jocelyne mwenyewe.

"Nimekuta kichupa tupu. Ni weye?"

"Ni miye. Chérie, nilifikiri nakusaidia..."

"Hiyo nimekwisha kusamehe. Lakini pale mbele ya bantu nilikungojea useme."

"Niliogopa mama."

"Na miye nilimuogopa, Tshimanga. Lakini mi nilisema."

Akakata. Tshimanga hakuyasahau maneno hayo. Alhamisi akina mama walipokutana parokiani, aliingia na suruali yake ya kazi, akasimama mbele yao wote, akasema kila kitu: kichupa, krimu, viatu. Akina mama walicheka hadi mmoja akashika nguzo asianguke. Mama Tshibola hakucheka.

"Uliniacha nitukane mutoto wa bantu bure?" akauliza. "Enda utafute taxi-moto mbili."

Walifika kwa Jocelyne saa ambazo mtaa mzima uko nje. Mama Tshibola, aliyekuwa hajawahi kupanda taxi-moto maishani, alishuka akitetemeka, akanyoosha kitenge, akamshika Jocelyne mikono yote miwili.

"Mutoto wangu, nilikukataa mbele ya bantu. Nakulomba samahani mbele ya bantu. Siku gani tunaweza kuya kuonana na baba yako?"

Jocelyne alilia. Alimtaka mama huyu, alimtaka na kijana wake, na hakulificha hilo. Lakini akajifuta machozi.

"Aksanti, mama. Lakini ile neno, aniulize yeye mwenyewe. Na asitazame chini."

Tshimanga akasogea.

"Jocelyne, mi nakupenda. Nataka nikuoe."

"Hatusikie!" akapaaza sauti mama muuza mikate wa ng'ambo ya barabara. Watu wakasimama, hata wale wenye pikipiki wakazima injini. Tshimanga akavuta pumzi, akainua uso, akamtazama mpenzi wake machoni.

"JOCELYNE! MI NJO NILIHARIBU GATO YA MAMA! NA NAKUPENDA! UTAKUBALI NIKUOE?"

Mtaa ukalipuka kwa vigelegele. Jocelyne alingoja hadi kelele zikatulia.

"Mama," akasema, "mukuye Jumamosi. Baba atakuwa ku nyumba."