Jino la Mama Tereza

Siku treni ya Tabora inapoingia Mpanda, stesheni hujaa watu kuliko soko. Jumamosi moja ya Juni 2022, Gervais alikuwa amepiga goti pembeni ya reli, kamera jichoni, akisubiri wageni wa harusi washuke. Badala ya wageni, kwenye fremu akaingia msichana mrefu mwenye gauni la kitenge cha kijani, faili la kahawia amelikumbatia kifuani. Gervais akabonyeza.

"Kaka, futa hiyo picha."

"Hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye. Futa kwanza."

"Mimi huwa sifuti, dada. Uliza mji mzima. Nikishampiga mtu, namtunza."

"Hata asiyetaka?"

"Hata aliyenuna. Hao ndio wanaopendeza zaidi."

Msichana akajitahidi asicheke, akashindwa. Jina lake lilikuwa Emerensiana, mzaliwa wa Kibaoni, Mpimbwe, karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali pale mjini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha karatasi ya mtu haipotei. Baadaye alikiri kwamba si tabasamu la Gervais lililomfanya aache namba ya simu. Ni lile neno la kutofuta.

Gervais hakuwa akitania. Babu zake walivuka kutoka Burundi mwaka 1972 bila kubeba kitu, na katika nyumba yao ya Litapunga hapakuwa na picha hata moja ya mtu aliyezaliwa kabla ya mwaka huo. Baba yake, Mzee Salvator, alivushwa akiwa mdogo, na alikuwa hakumbuki uso wa mama yake, aliyebaki ng'ambo. Gervais alikua akimsikia akilisema hilo kila Krismasi, kwa sauti ileile, kama anayetaja bei ya chumvi.

Walipendana bila haraka. Emerensiana alikuwa akitoka kazini anapita studio ya Gervais, mtaa wa Shanwe, na kukaa kwenye stuli akimwangalia anavyoediti.

"Mpenzi, huyu bibi harusi umemfanya wa bluu."

"Si mimi, ni hii kompyuta. Kioo chake kinaona bluu kila mahali."

"Basi hata mimi unaniona wa bluu?"

"Wewe nakuona kwa macho, Eme."

Ilikuwa laptop ya zamani ya Windows, feni yake ikilia kama mashine ya kukoboa. Picha moja kubwa iliichukua dakika nne kufunguka.

Julai 2023 Emerensiana alisema, "Mama hana picha. Ana ile ya kadi ya mpiga kura tu, na ile amekunja uso kama amekamatwa."

Wakaenda Kibaoni, wakati wa kuvuna mpunga. Mama Tereza alikuwa amevaa fulana nyeupe ya WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, herufi kubwa za kijani kifuani. Alikuwa na jino moja la mbele lililokatika pembeni, na kwa sababu yake alikuwa na mazoea ya kufunika mdomo kwa pindo la kanga kila anapocheka.

"Mwanangu, ukipiga kikongwe kamera haiharibiki?"

"Imezoea, mama. Juzi imempiga mwenyekiti wa kijiji."

Mama Tereza akacheka mpaka akasahau kanga. Gervais alibonyeza mara kumi na moja mfululizo. Siku ile alipiga picha mia nne na kumi na mbili. Jioni alimtumia Emerensiana moja tu kwa WhatsApp, ndogo, ya mbali: mama amesimama kando ya gunia, midomo imefumba.

"Zile za kucheka nitunzie," Emerensiana akasema. "Mama akija mjini tutachagua pamoja."

Hakuja. Februari 2024 presha ilimwangusha, na akazikwa kesho yake. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na Gervais alikwama Mpanda na diski yake ya kuhifadhia picha mkononi. Juu ya jeneza waliweka ile picha ya kadi, iliyokunja uso. Emerensiana alisimama mbele yake akajiapiza: kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka, watu wa Kibaoni watamwona mama anacheka.

Jambo la pili pia lilisubiri misa hiyo. Mama mdogo Generosa, aliyekuwa sasa msemaji wa nyumba, alikuwa ametamka wazi kwamba barua ya posa haipokelewi nyumba ikiwa na msiba. Mwaka ukiisha, Gervais aje.

Septemba, rafiki wa Mwanza aliyebadilisha vifaa alimuuzia Gervais kompyuta yake ya Mac. Ilikuwa nyembamba, ya kijivu, kimya kabisa. Picha iliyokuwa ikichukua dakika nne ilifunguka kabla hajamaliza kukaa. Kwenye kioo chake nyeupe ilikuwa nyeupe, na ngozi ilikuwa ngozi.

"Sasa mimi naonekana rangi gani?" Emerensiana aliuliza.

"Yako."

"Mbona kidole chako bado kinakimbilia kule pembeni?"

Ni kweli. Kwa miaka tisa kidole chake kidogo kilizoea kubonyeza Control kwenye kona ya kibodi. Mac ilitaka kidole gumba, kwenye kitufe cha Command. Alikuwa akikosea mara mia kwa siku, na Emerensiana alikuwa akikihesabia kile kidole makosa kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Kabla ya kuuza laptop ya zamani, alihamisha kila kitu kilichoonekana kwenye uso wa kioo chake, pamoja na folda aliyoiandika TEREZA. Wiki iliyofuata alichomeka diski yake ya nje. Mac ikaisoma, lakini ikakataa kuandika ndani yake: diski ilikuwa imepangwa kwa namna ya Windows. Alikuwa na harusi mbili za kukabidhi na hapakuwa na mahali pengine pa kuziweka. Akili yake ilimwambia kwamba yale ya maana ameshayahamisha. Akachagua kufomati, yaani kuifuta diski yote na kuipanga upya. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Hakusoma. Alibonyeza, akapanga harusi zote mbili juu ya diski tupu.

Siku tatu baadaye ndipo alipofungua TEREZA. Haikufunguka.

Telesphor, fundi kompyuta wa mtaa wa pili, aliitazama kwa nusu dakika. "Hii si folda, kaka. Ni njia ya mkato. Huoni kamshale hapa? Folda yenyewe ilikuwa kwenye diski. Umebeba kibao cha barabarani, mji umeuacha."

"Na diski nimeifomati."

"Na umeandika juu yake?"

"Harusi mbili."

Telesphor alihangaika nayo siku nzima. Akapata vipande vitatu: anga, mguu, nusu ya gunia. Akamrudishia diski bila kumtazama. "Mwambie shemeji leo. Leo hii. Kesho itakuwa kitu kingine."

Gervais hakumwambia. Hii si siri ya hadithi hii. Ndiyo hadithi yenyewe. Alikuwa na miezi mitano, na aliitumia yote kukwepa.

"Gervais, zile picha nije lini tuchague?"

"Mac bado naizoea, mpenzi."

Oktoba akasema zimo kwenye foleni. Novemba aliacha kupokea simu mchana. Desemba Emerensiana alipiga mara sita, na ya saba ikapokelewa.

"Niambie anaitwa nani."

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Usinifanye mjinga, mimi kazi yangu ni kujua kilichotolewa kwenye faili."

"Hakuna mwanamke, Eme. Naapa."

"Basi kuna nini?"

Gervais alisikia pumzi yake upande wa pili, na kelele za ofisi: mhuri ukigongwa, mtu akiuliza barua yake. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote alizopewa.

"Kazi tu," akasema. "Nakuandalia picha ya mama. Nataka iwe kubwa."

Kisha sauti ya Emerensiana ikarudi imelainika. "Ndiyo maana? Ungesema, wewe. Nimelala na hasira wiki tatu nzima, mwanaume una roho gani? Nisamehe."

Aliyeombwa msamaha ndiye aliyekuwa na kosa, na aliupokea.

Mac ile ilikuwa na programu ya kukuza picha ndogo, inayojaza yasiyokuwepo. Gervais aliilisha ile picha ya WhatsApp. Ikampa ngozi, nyusi, mikunjo ya shingo. Akaiagiza ifungue midomo icheke, ikampa mama Tereza meno kamili, meupe, yaliyopangana. Ilibaki kulikata jino kwa mkono. Hapo alikaa muda mrefu. Alikumbuka kicheko, alikumbuka kanga iliyoanguka begani, alikumbuka hata mpunga uliomnasa kwenye nywele. Upande wa jino hakuukumbuka. Alikuwa amezipitia picha zile zaidi ya mara ishirini, akiamini kwamba diski ndiyo inayokumbuka kwa niaba yake. Angeweza kuuliza Kibaoni, lakini swali lenyewe lingemuumbua.

Akachagua kulia.

Februari 2025, baada ya misa, picha iliwekwa uani Kibaoni juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kubwa kama mlango wa kabati. Akina mama wa WAWATA walipiga vigelegele. Mama mdogo Generosa akaigusa fremu. "Mkwe, umemrudisha dada yangu," akasema, na neno hilo la mkwe likasikika mpaka jikoni. Ndani ya begi la Gervais, kando ya Mac, kulikuwa na barua ya posa iliyoandikwa kwa mkono na Mzee Salvator.

Emerensiana alikuwa amevaa gauni la zambarau na kilemba cheupe. Alimkumbatia Gervais mbele za watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kisha akaisogelea picha na kusimama. Akasimama zaidi ya ilivyohitajika. Akamwita Gervais nyuma ya ghala la mpunga.

"Jino la mama limekatika upande gani?"

"Kulia. Si umeona?"

"Kushoto."

"Basi... picha niliigeuza. Kama kwenye kioo. Mafundi huwa tunafanya."

"Ungeigeuza, fulana ingesomeka ATAWAW." Sauti yake ilikuwa ile ya ofisini. "Inasomeka WAWATA. Picha haijageuzwa, Gervais. Ziko wapi zile nyingine?"

Akamwambia. Diski, kufomati, kamshale. Ilichukua dakika mbili. Alishangaa jinsi ilivyokuwa fupi.

"Lini?"

"Septemba."

"Septemba." Alilirudia kama anayeliandika. "Ungeniambia Septemba ningelia wiki moja, halafu tungekaa wote tukumbuke. Mimi nakumbuka jino, wewe unakumbuka mengine. Ila hukutaka kuniuliza. Umenitengenezea mama mwingine, ukaniacha nimshangilie mbele ya ndugu zangu."

"Eme, nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Najua. Na mimi nilikuomba msamaha, unakumbuka? Kwa simu. Ukasikiliza mpaka mwisho."

Gervais akatoa barua kwenye begi lililokuwa begani, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Emerensiana aliisoma bahasha: kwa familia ya marehemu baba yake, mwandiko wa kizee uliosimama wima. Akamrudishia bila kuifungua.

"Mrudishie mzee, mwambie mwandiko wake ni mzuri. Wale kule uani sitawaambia leo. Wameshafurahi."

Alitoa simu yake, akaitafuta picha ile ndogo ya WhatsApp: ya mbali, yenye ukungu, midomo imefumba. Akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Hii inanitosha. Sasa fungua hiyo kompyuta."

Gervais alikaa juu ya gunia akaifungua. Uso ule mkubwa ukajitokeza, rangi zote sahihi.

"Futa," akasema Emerensiana.

Kidole kidogo kilikimbilia kona ya Control, kikakosea. Emerensiana hakukihesabia. Gervais akatafuta Command kwa kidole gumba, picha ikaingia kwenye kapu la taka. Akaamuru kapu limwagwe. Mac ikamuuliza kama ana uhakika, kwa kuwa jambo hilo halirudishwi.

Safari hii alisoma. Akainua macho amtazame Emerensiana. Yeye alikuwa na uhakika. Gervais akabonyeza.