Kimya cha Chumba Kingine

Zilikuwa zimepotea dakika kumi na moja. Kwa miaka ishirini Inspekta alikuwa ameitwa kwenye maiti, magari na mabati yaliyoibwa, lakini hakuwahi kuitwa kutafuta maneno.

Aliyetoa taarifa alikuwa mjane wa miaka sabini na minane. Alhamisi asubuhi aliletwa kwenye ukumbi mpya wa kumbukumbu ya vita, ambamo wanafunzi wangegusa picha ya askari kwenye kioo na kumsikia akisimulia mwenyewe. Walimvisha hedifoni, wakamgusia picha ya mumewe, aliyefariki miezi miwili nyuma. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akazivua na kuziweka mezani.

"Mume wangu amekatwa," alisema.

Watu wa ukumbi walidhani ni huzuni inasema. Inspekta alikaa akaisikiliza mwenyewe rekodi ya marehemu, namba arobaini na moja. Mzee alieleza jinsi kikosi kilivyofika darajani na adui alivyoonekana ng'ambo. Akashusha pumzi. Kukawa kimya kifupi. Halafu akasema, "Basi, ndivyo ilivyokuwa," kama mtu aliyemaliza habari ambayo hakuianza.

Mjane alimweleza kilichoibwa. Miaka arobaini na sita jina la mumewe lilikuwa kwenye orodha ya watoro wa darajani, na kwa utoro huo alifungwa miaka sita. Kamati ya ukumbi iliahidi kulifuta kama mzee angeeleza alipowazika wenzake wawili waliokufa pale, na mahali hapo pakathibitika. Alieleza, siku aliporekodiwa nyumbani kwao. Mjane alikuwa ameketi nje, akasikia sauti ikipanda na kushuka bila kuyapata maneno. Mambo ya makaburi mumewe hakuwahi kumwambia. Alisema mwanamke asibebeshwe mzigo huo. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi.

"Na kitu kingine, mwanangu," alisema. "Pale kwenye kimya kuna kitu kinalia. Kwii, kwii. Nyumba yangu haina hata umeme. Hicho ni nini?"

Inspekta akarudia kusikiliza. Kweli, kilikuwapo, chembamba, kama bawaba inayodai mafuta.

Nakala ya akiba nayo ilikuwa imekatwa vilevile. Kompyuta ilionyesha kwamba dakika kumi na moja ziliondolewa Jumatano saa nane mchana, kwa neno la siri la fundi wa sauti. Fundi akakamatwa. Alikuja kituoni na hedifoni shingoni, amechukia zaidi ya kuogopa. Neno lake la siri, alisema, limebandikwa chini ya kibodi, hata mfagizi analijua. Jumatano saa nane alikuwa kliniki na mkewe. Konstebo alipiga simu kliniki, ikawa kweli.

"Wewe ndiye uliyeisafisha rekodi hii. Mzee alisema nini?"

"Sijui, afande."

"Uliisikiliza yote na hujui?"

"Mimi nasikiliza vikohozi. Habari sisikilizi."

Inspekta alimtazama kwa hasira. Wazee arobaini na watatu walikuwa wamejitoa roho mbele ya kinasa sauti, na mtu wa kwanza kuwasikia alikuwa anawinda vikohozi.

"Ila anayekata hivi si fundi," alisema yule kijana. "Kila chumba kina kimya chake. Kabla mzee hajaanza, narekodi dakika moja ya chumba kitupu. Nikikata kikohozi, naziba kwa kimya cha chumba kilekile. Huyu kaziba kwa kimya cha chumba kingine. Ningekata mimi, usingejua."

Mchana Inspekta alikwenda nyumbani kwa Mwalimu, mkuu wa mradi, kuandika maelezo ya kawaida tu. Alimheshimu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha historia, na ndiye aliyewahoji wazee wote, peke yake, mlango umefungwa ili waseme kwa uhuru. Babaye alikuwa luteni, shujaa wa daraja, na picha yake ilijaza ukuta wa mbele wa ukumbi. Inspekta alipokuwa darasa la saba aliandika insha juu ya shujaa huyo, akapewa kikombe.

"Karibu, kijana wangu. Joto la leo halifai." Mwalimu akawasha feni.

Feni ikazunguka. Kwii, kwii.

Kalamu ya Inspekta ilisimama. Alitamani masikio yake yawe yamekosea, na alijua hayajakosea. Aliomba kurekodi dakika moja ya chumba, bila mtu kusema neno. Mwalimu alikubali akitabasamu. Baada ya nusu dakika tabasamu lilikuwa limekwisha. Jioni mtaalamu wa sauti wa maabara ya polisi alithibitisha: mlio ni uleule, na kimya kilichozibia kilitoka kwenye rekodi namba moja, ambamo Mwalimu alisimulia habari za baba yake, akiwa sebuleni kwake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ijumaa asubuhi Mwalimu alisomewa onyo, naye hakupinga.

"Kwa nini hukuifuta yote?"

"Watu wangeuliza iko wapi. Nilidhani bibi yule ni mzee, hatajua."

"Alisema nini?"

"Kwamba baba alichukua gari akakimbia. Mzee akabaki na wenzake wawili, wakalilinda daraja mpaka alfajiri. Wakafa wawili. Baba aliporudi akaandika ripoti aliyotaka: yeye shujaa, mzee mtoro." Aliinamisha kichwa. "Nimeufundisha ushujaa wa baba miaka thelathini. Hata wewe nilikupa kikombe. Ukumbi ule niliujenga ili baba asife, na mzee yule akamuua kwa dakika kumi na moja."

"Wako wapi wale wawili?"

Inspekta akasogeza kinasa sauti karibu.

"Umebaki wewe tu unayejua. Yaseme kama alivyoyasema."

Akayasema. Hatua thelathini kutoka nguzo ya pili, upande wa juu wa mto, chini ya mawe matatu. Mchana polisi walichimba, wakakuta mifupa ya watu wawili na vifungo vya jeshi. Jioni kamati ikalifuta jina la mzee.

Jumamosi mjane alivishwa hedifoni tena, Inspekta akiwa pembeni yake. Mumewe alisimulia hadi pale alipokatwa. Kuanzia hapo mpaka mwisho iliwekwa sauti ya Mwalimu, kwa kuwa nyingine haikuwapo duniani. Alisikiliza yote, kisha akazivua.

"Ni maneno yake, mama?" Inspekta aliuliza.

"Ni yake. Namna yake ya kusema naijua." Akapangusa hedifoni kwa upindo wa kanga. "Baba wa Mwalimu alimsemea mume wangu miaka arobaini na sita. Sasa mtoto ndiye anayemsemea."

Nyuma yake wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, wakingoja zamu ya kugusa picha.