Kitambaa cha Kiunoni mwa Baba

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Aïcha alianua kitambaa kirefu kilichochanwa kutoka kikwembe, kitenge cha zamani cha mama yake, akampelekea baba. Mzee Abedi alijifunga nacho kiunoni, akakaza kwelikweli, ndipo akasukuma baiskeli yake ya mizigo kuelekea soko la Kasuku.

Kitambaa hicho kilibana ngiri. Baba aliipata miaka ya vita, treni ilipoacha kufika Kindu na wanaume wakageuka treni wenyewe, wakisukuma chumvi na mafuta ya mawese msituni hadi Kampene. Wengi walitokwa na uvimbe kinenani, wakajifunga, wakanyamaza. Eti mwanaume kulalamika ni aibu! Aibu gani hiyo, jamani, ya kumtesa mtu miaka yote?

Mwaka huu Aïcha aliona baba anakonda. Alikula matonge mawili tu, akasukuma sahani. Mama alipokuwa shambani, baba alijikunja kwa maumivu. Alimwomba Aïcha asimwambie mama, na Aïcha, mtoto mtiifu, akafunga mdomo. Hatimaye baba alianguka sokoni pamoja na baiskeli yake, akabebwa hospitalini.

Daktari Jérémie aliwatuliza: kupasua ngiri ni kazi yake ya kila siku. Lakini alipompasua, alikuta ndani kivimbe kigumu ambacho hakukitarajia, akakata kipande, kikapelekwa Kinshasa kupimwa. Walingoja hadi wakachoka kungoja. Jibu lilikuwa saratani, tena ya aina adimu ambayo daktari hakuwahi kukutana nayo, na ilikuwa imeshaenea tumboni.

“Ngiri tumeishona,” daktari alimwambia Halima, mama yake Aïcha, polepole. “Hii nyingine siwezi kuitoa. Pengine tungewahi, kama angekuja mapema.”

Aïcha alilia mpaka sauti ikakauka. Alimwambia mama kwamba alijua baba anaumwa, akanyamaza. Baba akamshika mkono.

“Kosa si lako, mutoto wangu. Ni mimi njo nilikufunga mdomo.”

Kisha akaomba aitiwe Zuberi na wengine waliosukuma baiskeli pamoja naye tangu vita. Walisimama kando ya kitanda, hawajui waangalie wapi. Abedi akawanyooshea kile kitambaa.

“Ndugu zangu, nyote munajifunga hiki. Hakikuniponya, kilinifichia ugonjwa tu. Mimi nimechelewa. Ninyi semeni mapema, na musiwafundishe watoto wenu kunyamaza.”

Zuberi aliingiza mkono chini ya shati, akafungua kitambaa chake, akauliza daktari yuko chumba gani. Aïcha alifuta machozi, akatangulia kumwonyesha.