Mkaguzi wa Pili

Jina la pili kwenye yale mafaili nililitunga mimi. Naanza na hilo, maana nikianza na jini utadhani kosa ni lake.

Wewe ndiyo kwanza umefika, kwa hiyo nikueleze kazi yenyewe. Hapa hospitali kengele ya kila kitanda inapita kwenye seva, na seva inafuata faili la mipangilio: kengele ya chumba hiki ilie kwa muuguzi yule. Kikibadilika kitu, fundi mmoja anaandika faili jipya na kulipandisha, wa pili analisoma mstari kwa mstari ndipo analikubali. Mwenzangu alipohamishwa, ofisi haikuleta mwingine. Ningeweza kulalamika. Badala yake nilimfungulia akaunti mtu asiyekuwepo, nikamwita Mkaguzi, na kila nilipopandisha faili nilitoka kwa jina langu, nikaingia kwa jina lake, nikajikubalia mwenyewe. Mimi huyu ninayeswali safu ya mbele.

Miezi mitano ikapita hivyo. Siku moja, saa nane mchana, nilipandisha faili, na kabla sijatoka kwa jina langu likaja neno: Limekubaliwa. Kiti cha upande wa pili wa meza kilikuwa kimevutwa kidogo. Nikakigusa. Kina joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Sikuogopa. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nikasema moyoni, angalau nimepunguziwa kazi. Tangu siku hiyo sikurudia kusoma nilichoandika.

Chumba cha saba kilipofunguliwa upya, niliuandika mstari wake huku nimeshachukua mfuko wangu niondoke, nikaipeleka kengele yake kwenye stoo ya magodoro iliyofungwa kufuli. Faili likakubaliwa papo hapo. Kesho yake mzee mmoja wa chumba hicho alibanwa na pumzi, akabonyeza kengele mara kumi na tisa. Ikalia stoo. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Muuguzi wa zamu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, aliyekulia nyumbani kwangu tangu ana miaka tisa. Aliapa kwamba hakusikia kengele. Wakubwa wakaniita nitazame seva. Niliwaambia rekodi inasema ililia mara kumi na tisa, na hiyo ilikuwa kweli. Sikuwaambia ililia wapi. Nikaurekebisha mstari kimyakimya, naye akasimamishwa kazi. Jioni, tukiwa tunakula, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, au masikio yangu yana kasoro? Nikapime?"

Nikamwambia akapime.

Baadaye nililifungua tena lile faili. Chini yake kuna nafasi ya maoni ya anayekagua, ambapo mimi nilizoea kuandika "Sawa" tu. Palikuwa pameandikwa: Nimeliona kosa. Nimekubali.

Kuanzia hapo, kila ikifika saa nane mchana, jua likiwa dirishani na watu wakipita kwenye korido wakicheka mambo yao, chumba hiki kinaanza kunuka godoro lililoloa, feni za mitambo zinapunguza mvumo kama zimeinamisha sikio, vitufe vya kibodi ya upande wa pili vinabonyea kimoja kimoja bila mkono, na kutoka stoo, ambako hakuna mstari wowote tena unaopeleka kengele, kengele inalia, na mimi naihesabu nisitake, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, kisha kiti kinarudi nyuma taratibu, kama mtu aliyemaliza zamu yake.

Nilimleta ustadhi kwa siri. Alisoma Kurani mpaka jasho likamtoka. Maji ya dua nilimwomba asinyunyize karibu na mitambo. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeogopa umeme kuliko jini. Kisha akanong'ona, "Huyu kaingia mwenyewe?"

Nikamwonyesha kile kiti, na lile jina kwenye skrini.

"Anayevamia namtoa, mwanangu. Huyu ana kiti, ana jina, ana kazi. Aliyemwajiri ndiye amwachishe kazi."

Nikaandika faili la kumfuta, nikalipandisha. Lakini seva haipokei faili la mtu mmoja. Lazima wa pili akubali. Nikajaribu kuingia kwa jina lake, neno la siri likakataliwa. Wala sikusubiri sana. Maoni yakaja: Sikubali. Kazi yetu inakwenda vizuri.

Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Shemeji ameshapimwa masikio, ameambiwa ni mazima, na hilo limemliza zaidi, kwani sasa anaamini alilala.

Leo asubuhi wamekuleta wewe, na kiti ni hicho. Kaa, ndugu yangu. Ukikikuta kina joto, usiinuke. Soma mafaili yangu yote mpaka ufike mstari wa chumba cha saba, usome na maoni, kisha likubali hilo la mwisho, la kumfuta, kwa jina lako, lile ulilopewa na wazazi wako. Halafu twende wote kwa mkuu wa wauguzi, nimwambie kengele ililia wapi. Mara tatu nimekwenda peke yangu, nikaishia mlangoni.

Tafadhali, nishike mkono.