Mtungi Uliozibwa

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, tamu, ya kumfanya mtu avute pumzi mara mbili. Tatizo ni kwamba Fundi aliisikia chini kabisa ya jengo la makumbusho, katika chumba kisicho na dirisha hata moja, na huko nje kiangazi kilikuwa kimekausha mpaka magugu. Akakagua bomba la sinki, kavu. Akapiga magoti akanusa sakafu kama paka, akajicheka mwenyewe, akarudi kitini. Juu ya meza hapakuwa na kitu ila taa, brashi, gundi, na mtungi aliomaliza kuuunganisha jana yake.

Fundi ndilo jina walilompa kazini, na lilimfaa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha vigae vya mji mmoja wa kale uliofukuliwa nyikani, mji ambao hata jina lake halijulikani kwa kuwa hakubaki mtu wa kulitaja. Wachimbaji walikuta vyungu bado viko mafigani, milango wazi, viatu vya watoto vimepangwa kizingitini. Moto haukupita pale. Vita havikupita, wala njaa, kwa maana nafaka ilikutwa ghalani. Ni kama watu walitoka asubuhi moja kwenda shambani na jioni hakuna aliyerudi. Na mitungi yao yote, mikubwa kwa midogo, ilikuwa imetobolewa tundu kitakoni. Mkuu wa Ghala, bosi wake Fundi, mtu mwenye nadharia nyingi kuliko nywele za kichwani, alikuwa na maelezo mapya ya tundu hilo kila wiki.

Ufundi huu una sheria ambayo kila mwanagenzi huimbishwa siku anapoanza: unganisha kilichovunjika, usiguse kilichokusudiwa. Fundi aliijua sana. Alipougeuza ule mtungi aliona wazi kwamba kingo za tundu ni laini, zimekerezwa na mtu mwenye subira. Lakini hii ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, mikono ilikuwa inatetemeka kwa dawa, na moyo ulikuwa unamdai kitu kizima cha kuwaonyesha watu kwamba na yeye ni mzima. Akakoroga plasta, akaziba tundu, akapiga msasa mpaka usingejua palikuwa na kitu.

"Eh, Fundi!" Mkuu wa Ghala alipiga makofi alipouona. "Huu hata maji unatekea!"

Fundi alifurahi siku ile, maskini, akaenda nyumbani anaimba.

Mwaka juzi Fundi alianza kusikia sauti. Zilimtukana, zikamwambia majirani wanamtilia sumu kwenye maji, na siku moja zikamtoa nje mpaka barabarani usiku na nguo ya kulalia. Alilazwa, akapewa dawa, akapona kwa namna watu wanavyopona ugonjwa huo, yaani akajifunza kuishi nao kama jirani mwenye kelele ambaye saa zake za kelele unazijua. Muda wote huo binti yake alilelewa na dada mkubwa wa Fundi. Fundi aliporudi, dada alihamia kwake kusaidia, na akasema neno moja lililobaki ukutani kama msumari: "Mdogo wangu, sikuchukii. Lakini ukirudi tena kule, mtoto namchukua moja kwa moja. Hatayaona yale mara ya pili."

Mtoto mwenyewe walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake ulikuwa haupumziki hata usingizini.

Jioni ya siku ile ya harufu, Chiriku alijilaza mapajani mwa mama yake akasema, "Mama, nisimulie ya kovu langu."

Hadithi hiyo ya kovu la kidevuni ilikuwa imesimuliwa mpaka kuta zinaijua. Fundi akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akatafuta kichwani pale hadithi ilipokuwa ikikaa, akakuta mahali peupe, pamefagiliwa. Halafu pale peupe pakatokea kichochoro chenye kuta nyekundu, na mwanamke asiyemjua amesimama mlangoni anamwita mtoto kwa lugha ambayo Fundi hakuwahi kuisikia, na aliielewa yote.

"Mama? Anza basi. 'Siku hiyo jua lilikuwa kali...'"

Dada, aliyekuwa akimenya viazi, akainua macho. "Si alianguka kwenye ngazi za zahanati, ukambeba mbio mpaka ukaacha viatu? Hilo nalo la kusahau?"

"Nimechoka tu, dada."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Nionyeshe pakiti."

Fundi akaenda kuileta, mtu mzima na akili zake, akaonyesha vidonge vilivyobaki. Dada akavihesabu kwa kidole, akaridhika, ila kisu hakikurudi haraka kwenye kiazi.

Kesho yake chini kule ndipo alipoisikia sauti. Alikuwa peke yake, ameinamia kigae kingine, akimfikiria Chiriku na lile pengo la jino lake la kwanza, jinsi alivyolifunga jino kwenye kitambaa akalala nalo mkononi. Nyuma yake mtu akameza funda la maji. Ni hivyo tu, koo likapanda na kushuka, taratibu, kwa raha. Fundi akageuka. Mtungi ulikuwa pale pale ulipokuwa, na harufu ya mvua imejaa chumba. Alipotaka kurudi kwenye wazo lake hakulikuta. Alijua alikuwa anawaza jambo zuri. Jambo gani, hakujua.

Akaelewa kwamba mtungi ndio uliolimeza, na kuelewa kulimtia baridi ya mifupa. Akaanza kujizuia asimuwaze mtoto akiwa kazini. Lakini nani amewahi kumwambia mama asimuwaze mwanawe, akaweza? Kadiri alivyojikaza ndivyo picha zilivyomjia, na kila iliyomjia ilimezwa. Lilikwenda jina la utani na sababu yake. Ukaenda wimbo wa kumlaza. Badala yake alipata kuta nyekundu, vinu, ngazi za udongo, kumbukumbu za watu waliokufa kabla ya babu wa babu yake. Alikuwa anarudi nyumbani kila jioni amejaa mji wa watu wengine.

Angemwambia nani? Akisema ni jini, dada angesikia ugonjwa. Akisema ni ugonjwa, angelazwa, na mtoto angekwenda. Akinyamaza, mtoto angemtoka kichwani kipande kwa kipande huku amemkalia mapajani. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mtu upande wa pili ameuegemea.

Siku moja wakati wa kutoka alimkuta Mkuu wa Ghala ameketi ndani ya gari lake, injini imezimwa, mikono kwenye usukani.

"Mkuu, huendi?"

Yule mzee akashusha kioo. Alinong'ona kama mtu anayeomba siri. "Fundi, hivi... kwangu ni upande gani?" Kisha akacheka kwa nguvu. "Natania bwana! Nenda, nenda." Lakini jasho lilikuwa linamtiririka, na gari halikuwashwa mpaka Fundi alipopotea kwenye kona.

Basi si mimi peke yangu, akawaza, na kwa mara ya kwanza alitamani angekuwa mgonjwa tu.

Akampigia simu daktari wake, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi.

"Unasikia sauti zikikuamrisha?"

"Hapana, daktari. Nasahau."

"Unasahau nini?"

"Mwanangu. Vingine vyote vipo. Hata wodi naikumbuka, kitanda na shuka. Mtoto ndiye anayetoka."

"Ugonjwa wako naujua. Ule huleta visivyokuwepo. Kuondoa vilivyokuwepo, tena kwa kuchagua, si tabia yake. Njoo asubuhi nikupime kichwa vizuri. Na uje na dada yako."

Lile neno la mwisho ndilo lililofunga mlango. Fundi hakwenda. Asubuhi ile alishuka chini mapema, akawasha taa, akaulaza mtungi juu ya mto wa mchanga kitako juu, akachukua patasi ndogo.

Plasta ilikuwa yake, aliijua ilivyo, ingepaswa kutoka kwa kukwanguliwa kidogo tu, lakini ilikuwa imekuwa ngumu kama jino, na kila alipokwangua mtungi ulipumua chini ya kiganja chake, ukavuta na kutoa, ukavuta na kutoa, na harufu ya mvua ikageuka harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi, na kuta za chumba zikaanza kuwa nyekundu kwenye pembe, na kule kichochoroni watu wakasimama wote milangoni mwao wanamtazama, wanawake kwa wanaume, hakuna aliyejua mwenzake ni nani, na wote wakamnyooshea mikono wakipunga si kwa kumwita bali kwa kumkataza, na Fundi akajiambia hawa ni wafu, wafu hawanijui, akakandamiza patasi kwa uzito wa mwili mzima mpaka plasta ikapasuka.

Upepo ukampita shingoni, ukatoka mlangoni. Chumba kikawa chumba.

Halafu vyote vikarudi. Jino kwenye kitambaa! Ngazi za zahanati, jua kali, viatu alivyoviacha nyuma, damu ya mtoto kwenye bega la blauzi! Alilia na kucheka pamoja, akafungua midomo akaimba wimbo wa kumlaza mwanzo mpaka mwisho. Hakuaga mtu. Alikwenda nyumbani mbio mbio, na njia nzima alimtaja Chiriku kwa sauti, watu wakamtazama, wala hakujali.

Chiriku alikuwa ameketi kizingitini, kimya. Viatu vyake alikuwa amevivua akavipanga sawasawa pembeni.

"Chiriku wangu!"

Mtoto akainuka kwa adabu. "Shikamoo," alisema. "Unamtafuta nani?"

Na kutoka kwenye nywele zake ikaja harufu ya mvua.

Fundi alishika nguzo ya mlango. Sasa alikuwa ameujua mji ule kuliko wataalamu wote, na angetoa chochote asiujue. Watu wale waligundua kinachowala kinakaa mitungini. Wakatoboa mtungi mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki mji mzima usio na chombo cha kukaa kitu. Nacho kikahamia kwao wenyewe, kikaanza na wadogo. Ndipo walipoamka asubuhi, wakatoka, na jioni hakuna aliyekumbuka kwamba ana kwake. Na kwa Chiriku kilifikaje upesi hivyo? Njia kilikuwa nayo. Si kilikuwa kimekula yote ambayo mama yake aliyajua?

"Tangu saa nne yuko hivi," dada alinong'ona kutoka ndani, macho yamemtoka. "Ananiita mama mgeni. Mdogo wangu, hiki nini? Tumpeleke wapi?"

"Kazini kwangu," alisema Fundi.

Dada alibisha, akalia, mwishowe akamwachia mtoto kwa sababu hata yeye alikuwa ameinusa ile harufu. Chini kule Fundi alimketisha Chiriku sakafuni, akakoroga plasta, akaziba tundu ili kile kitu kipate tena pa kukaa. Akausimamisha mtungi, akainamia mdomo wake.

Kwanza alijaribu ujanja. Alikipa wodi, akakisimulia zile sauti, sindano, usiku wa barabarani. Machungu hakikuyataka. Mtoto akaendelea kutazama ukuta kama anayesubiri basi.

Basi Fundi akafumba macho akatoa kilicho bora alichokuwa nacho. Alisimulia siku Chiriku alipozaliwa, alfajiri, jinsi muuguzi alivyosema huyu ana mapafu, na jinsi mtoto alivyowekwa kifuani akanyamaza ghafla kama mtu aliyefika. Alisimulia polepole, akiiaga kila sentensi.

Ndani ya mtungi koo likameza.

Chiriku akapiga chafya. "Mama! Mbona umeniketisha kwenye vumbi? Na hiki nini? Naweza kukishika? Tunarudi saa ngapi?"

"Usikishike," alisema Fundi, akamkumbatia, akimnusa utosini mpaka akaridhika kwamba ananuka jasho na chaki tu.

Tangu hapo alishuka kila asubuhi kukilisha, maana alijua kikikosa kitatoka tena kwenda kule kinakokujua. Wafanyakazi walipita mlangoni wakamsikia akizungumza na mtungi, wakatazamana. Dada aliambiwa. Dada, ambaye yale ya Chiriku alikuwa ameshayageuza kuwa homa ya siku moja, hakubisha. Alilia sana, kisha akatimiza neno lake.

Fundi sasa yuko wodini kwenye kitanda kile kile, na kila kitu cha pale anakikumbuka vizuri. Mtungi umewekwa ukumbini, ndani ya kioo, na wageni husifu kwamba haujatobolewa kama mingine. Walinzi wanasema siku hizi jioni magari mengi hubaki uwanjani na wenye magari wakiwa ndani, mikono kwenye usukani.

Jumapili dada humleta mtoto kumwona. Wiki iliyopita Chiriku alichoropoka mkononi mwa mama mkubwa getini, akaja mbio kwenye varanda huku mikono ameitanua, anapayuka, "Mama! Mama! Mama!"

Fundi akatabasamu, maana mtoto alikuwa anapendeza. Akageuka nyuma kumtazama huyo mwenye bahati aliyekuwa akiitwa.