Chanjo ya Fundi Uthmani

Ulikuwa mwaka wa vita na vikwazo. Mipaka ilifungwa, na petroli iliuzwa kwa chupa kando ya njia. Uthmani, fundi wa injini mtaani Buyenzi, alisimama mbele ya familia yake, akakohoa kama waziri, akatangaza: kansa yake ya tezi dume itangojea chanjo kutoka Ulaya. Chanjo itaufundisha mwili kupigana na homoni inayoulisha uvimbe. Hakuna kisu. Daktari ameamua, sayansi imekubali.

Kisha sayansi ikamkimbiza chooni, akapata matone mawili.

Hakutulia. Akikaa, mgongo unamchoma. Akisimama, kibofu kinamwita. Risasi zikilia upande wa mtaa wa Kinama, majirani walijilaza chini. Yeye aliwaza choo.

Mkewe Kudra akamwita Médiatrice, muuguzi jirani, amuulize chanjo itafika lini.

Médiatrice akamtazama mgonjwa. "Fundi, injini bila esanse, bila petroli, inafanya nini?"

"Inazimika."

"Basi. Uvimbe wako unakunywa homoni ya kiume, na nyingi inatoka kwenye korodani. Chanjo inataka kuweka barieri, kizuizi cha njiani, kinga ya mwili ikamate homoni. Lakini wangali wanaijaribu huko nje, kwa watu wachache. Hapa tunafunga robine, bomba lenyewe: daktari anatoa korodani. Ndivyo alivyokuambia. Mi nilikuwa pale."

Uthmani akaangalia kandambili zake.

"Nilidhani ukisikia nitakatwa utarudi kwenu," akamwambia mkewe.

"Kwetu Kajaga kuna mbu wengi, Baba Fadhila. Kesho tunaenda hospitali."

Akapasuliwa. Médiatrice hakuficha: uvimbe unaweza kupata esanse ya magendo, homoni kutoka kwingine mwilini, kwa hiyo lazima arudi kupimwa kila anapoitwa. Lakini baada ya wiki chache mkojo ulitoka vizuri, mgongo ukapoa, akarudi gereji. Wenzake aliwaambia kwa fahari kwamba alitolewa ngiri, ngiri kubwa iliyowashangaza madaktari.

Asubuhi moja fundi mwenzake Shaabani alimvuta pembeni. Naye anashinda chooni, matone tu. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ni ngiri ile ile, na kama itapona yenyewe.

Uthmani akafungua mdomo kujibu. Mlangoni alisimama Kudra, sahani ya chakula mkononi, akimtazama bila kupepesa.

Uthmani akaweka spana chini.

"Apana, Shaabani. Ile ngiri niliitunga. Leo nitakupeleka ukapimwe. Lakini kaa kwanza, nikuambie walichonikata."