Sauti Ndani ya Mlango wa Pikapu

Nilifika Vitongoji alasiri kwa bodaboda, leza nyeusi, ngozi ya bandia, nimeikunja mapajani na kopo la gundi limefungwa nyuma. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mimi ni fundi wa viti na milango ya magari pale Madungu, mtu wa Same niliyehamia Pemba kumfuata mke wangu Petronila alipopangiwa kufundisha. Milango miwili ya pikapu ya zamani si kazi ya kunilaza nje.

Pikapu ilikuwa ya marehemu Mzee Kificho. Mwanawe Suhail, aliyeishi Oman miaka mingi, alirudi kwa msiba wa baba yake akaamua kuifufua. Injini ilishawaka. Viti nilishavishona. Iliyobaki ni milango, maana hadibodi za ndani, zile mbao nyembamba za kufunika bati, zilikuwa zimevimba kwa mvua na leza yake imechanika vipande vipande. Suhail alisema mama yake, Bi Mwatima, amekwenda Ole kumwangalia mgonjwa, na alitaka arudi akute kazi imekwisha, afurahi.

Aliniambia pia nisishangae nikimwona dada yake, Asya. Hasemi. Alinyamaza tangu wiki ya arusi yake, mumewe alipofariki, na hospitali hawakuona kitu kooni.

Nilimwona. Alikaa barazani akichambua mchele, na macho yake hayakutoka kwenye lile gari.

Mlango wa dereva haukunipa shida. Nilifungua skrubu za kitasa, nikang'oa klipu, nikakata hadibodi mpya kwa kufuata ya zamani, nikapaka gundi, nikalaza sponji nyembamba na kuvuta leza juu yake. Jua lilikuwa linashuka nilipohamia upande wa abiria. Ikaadhiniwa magharibi. Suhail akaniaga akaenda msikitini, nikabaki mimi na dada yake.

Mlango ule haukuwa na klipu hata moja.

Mtu alikuwa ameishona hadibodi kwenye bati, uzi mweusi akiupitisha kwenye matundu ya klipu. Mshono wa mkono, wa karibu karibu, kama mtu anayeziba kidonda.

Nikakata uzi wa kwanza.

Harufu ikanijia. Udi... na asmini iliyooza. Nikakata wa pili, na ndani ya mlango kitu kikavuta pumzi.

Nikadhani paka. Paka hujificha popote. Nikaligonga bati kwa kidole, nisikilize.

Kikagonga nacho.

Nilitaka kuondoka, sisemi uongo. Lakini mkono wangu ulishaivuta ile hadibodi, nayo ikaachia. Kwenye uwazi, pale kioo kinaposhukia, palining'inia kufuli dogo la shaba. Limefungwa. Katika kitanzi chake ulipita msuko wa nywele za mwanamke, mrefu, bado unang'aa mafuta.

"Fundi..."

Sauti ya mwanamke, laini, ilitoka mle ndani ya mlango. Nikageuka. Asya alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kabisa, na sikuwa nimesikia hatua zake. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Midomo ilicheza kwake. Maneno yakatoka kwenye bati.

"Fundi... usinifunge tena."

Machozi yalimteremka mpaka kidevuni. Hofu nilikuwa nayo, lakini huruma iliishinda. Sikufikiria wachawi wala majini. Nilichokiona mbele yangu ni mtu aliyefungiwa ndani, na mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Nikaukata ule msuko.

Kufuli likaanguka chini vilevile lilivyofungwa. Asya akashika koo, akakohoa sana, kama mtu aliyepaliwa na maji.

"Umefanya nini, mwanangu?"

Bi Mwatima alikuwa ameingia uani, kikapu kichwani. Hakupiga kelele. Alikitua kikapu taratibu, akanishika mkono, akanivuta mpaka pembeni ya choo. Akaninong'oneza haraka haraka, huku jicho lake liko kwa binti yake.

Alisema Asya alizaliwa kama watoto wengine. Lakini siku chache kabla ya arusi alitoka kuokota karafuu akarudi jioni ana homa, na baada ya hapo kila mtu ambaye Asya alimwita kwa jina hakuona asubuhi. Alimwita bibi yake kwa jina, kwa mapenzi tu, amletee maji. Wakamzika. Siku ya arusi, ndani ya pikapu, kichwa ameegemeza kwenye mlango ule, alimwita bwana arusi jina lake. Bwana arusi akafia njiani. Mzee Kificho akamleta mganga, na mganga akasema sauti ifungiwe pale pale ilipotokea. Suhail hawakumwambia kitu. Yuko ugenini, ya nini kumtia hofu.

Nikamuuliza ni nani aliyemfanyia mtoto jambo lile. Akatikisa kichwa. Hawakupata kujua.

"Jina lako analijua?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi. Mwaniita fundi tu."

"Basi usimpe. Wala usiache mtu akakuita mbele yake."

Hapo ndipo Suhail aliporudi kutoka msikitini.

Asya alimwona kaka yake. Uso wake ulichanua kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyenyamaza miaka. Akafungua mdomo. Bi Mwatima aliruka pale alipokuwa, mtu mzima yule, akamrukia bintiye na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Su..."

Nusu ya jina ilishatoka.

Suhail akacheka huku analia, akamkumbatia dada yake, akimshukuru Mungu. Kisha mkono wake wa kulia ukamteleza Asya begani, ukaanguka kama si wake. Mdomo ukapinda. Mguu wa upande ule ukakunjika, nikamdaka.

Nilimpeleka hospitali kwa pikapu ileile, yeye ameegemea mlango mtupu usio na hadibodi. Nyuma waliketi Bi Mwatima na Asya, na kila nilipotazama kioo, kiganja cha mama bado kiko mdomoni mwa bintiye. Njia nzima.

Daktari alisema presha. Alisema Suhail alikuwa nayo muda mrefu bila kujua, na kwa umri wake ni bahati kwamba ni upande mmoja tu. Nilitaka sana kuyaamini maneno yale. Siku nyingine nayaamini.

Ule mlango sikurudi kuumaliza. Bi Mwatima alifariki kabla ya Ramadhani, usingizini. Nilikwenda kuzika, nikasimama mbali.

Jana alasiri, Asya alikuja Madungu, nyumbani kwangu. Amevaa buibui safi, amenawiri. Anasema vizuri sasa, sauti ileile laini. Alinisalimia kwa adabu. Alinieleza kwamba Suhail anakaa kitini sasa na anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na kwamba wangependa niumalize ule mlango wa abiria. Muda wote aliniita fundi. Nilikuwa nasubiri aondoke.

Petronila hakujua. Sikuwahi kumsimulia, kwa kuogopa angecheka. Alitoka jikoni na sinia, akamtabasamia mgeni, akaniita kama anavyoniita kila siku.

"Baba Modester, chai tayari."

Asya aliacha kuzungumza. Akageuza kichwa taratibu kuitazama nguo ndogo ya shule iliyoanikwa kambani.

"Modester," alisema, lote, bila haraka. "Jina zuri."

Nikatazama mdomo wake. Hakukuwa na kiganja cha mtu.

Usiku sikulala. Nilikaa chini kando ya kitanda cha mwanangu nikihesabu pumzi zake, na kulipokucha akaamka, akaomba uji, akavaa, akaenda skuli. Mke wangu ananiuliza nina nini. Nimeketi kizingitini tangu asubuhi, na watoto wa darasa lake wameanza kupita wakirudi kutoka skuli, na wangu bado simwoni.